Kipimo cha Nne

Inspekta Tekla Nyaulingo alikataa kiti mara mbili. Mara ya kwanza mapokezi, ghorofa ya pili ya jengo moja pale Kabwe, jijini Mbeya. Mara ya pili ndani, kwa mwenye ofisi. Alikuwa amekaa garini tangu saa kumi alfajiri, Mafinga hadi hapo, na miguu yake ilikuwa haitaki tena kukunjwa. Akasimama dirishani. Mlima Loleza ulikuwa umefunikwa na ukungu hadi kiunoni. Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu kasorobo.

"Kesho saa tatu asubuhi nampeleka mtu mahakamani," alisema bila kugeuka. "Kusababisha kifo kwa uzembe. Jalada nimeliandaa mimi mwenyewe. Kama nimekosea, nataka kujua leo, si kesho kutwa."

Mwenye ofisi aliitwa Anyelwisye Mwaisumo. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, sweta la bluu, miwani iliyofungwa gundi pembeni. Ni yeye aliyetengeneza Jicho, programu ambayo viwanda kadhaa vya Nyanda za Juu viliitumia kufuatilia utendaji wao wenyewe: mashine ipi imezalisha kiasi gani, ipi imesimama, kwa nini, zamu ya nani.

"Ni habari ya Lyasa Mbao," Anyelwisye alisema. Hakuuliza.

"Umejuaje?"

"Mama, umetoka Mafinga. Na boila lililolipuka liko Mafinga."

Jumatatu saa kumi jioni boila la kiwanda cha Lyasa Mbao lilikuwa limepasuka na kuung'oa ukuta mzima wa chumba chake. Didas Kalinga, mmoja wa wachochea moto wawili wa zamu, alikufa palepale. Mwenzake, Aroni Mhema, alikutwa hatua sabini kutoka hapo, mzima, ameduwaa, vumbi kichwani. Kiwandani kila aliyeulizwa alisema lilelile: huyu alikimbia kazi, akamwacha mwenzake. Jumanne asubuhi Tekla akamweka ndani.

Lakini kilichombakiza Aroni selo hasa kilikuwa karatasi. Alasiri ya Jumanne hiyo msimamizi wa ufanisi wa kiwanda, Sosthenes Kihwele, alimkabidhi Tekla ripoti ya boila ya miezi mitatu, iliyochapwa kutoka kwenye Jicho. Joto lilikuwemo. Kuni zilikuwemo. Presha haikuwemo hata siku moja. "Unaona mwenyewe, afande," Kihwele alikuwa amesema kwa huzuni ya mtu mwenye adabu. "Hawakuwahi kupima."

Aroni, alipoonyeshwa, alipiga ukuta wa selo kwa kiganja. "Kila saa! Kila saa naandika kwenye kishikwambi! Hata Jumapili!"

Watu walio selo husema mengi, na Tekla aliyazoea. Lakini jana jioni, akiisoma tena ile ripoti nyumbani huku uji ukipoa, jicho lake liliganda kwenye kichwa cha jedwali. Sasa aliitoa kwenye bahasha, akailaza mezani kwa Anyelwisye, akaweka kidole.

"Nisomee hapa juu."

"K1 joto. K2 kuni. K3 maji. K5 saa za kazi. K6 mvuke."

"Hujaruka kitu?"

Anyelwisye akaisogeza karatasi karibu na miwani. Akazihesabu tena kwa kidole.

"Hizi namba anazipanga nani?" Tekla aliuliza.

"Programu yenyewe. Mtu hawezi kuzigusa. Kila kipimo kinachosajiliwa kinapewa namba inayofuata."

"Na kipimo kikiondolewa?"

"Namba yake hairudi kutumika."

"Kwa hiyo kulikuwa na kipimo cha nne."

"Kulikuwa nacho," Anyelwisye alisema taratibu. "Ni presha, mama. Nakumbuka. Mimi mwenyewe ndiye niliyewafundisha kukiweka."

Tekla akaanza kutembea, kutoka dirishani hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi dirishani. Ofisi ilikuwa ndogo. Hatua tano tu. "Nani ana funguo za kanzidata ya Lyasa? Nani anaweza kuingia akafuta?"

"Wawili. Mimi na programu yenyewe."

"Programu haina sababu ya kumfutia mtu kazi yake."

"Hapana."

"Basi ni wewe."

Jasho lilimtoka Anyelwisye juu ya mdomo, pamoja na baridi yote ile. Tekla aliliona na hakulisema. Alivuta daftari, akaandika saa, akasubiri. Kwenye kazi yake alijifunza kwamba mtu mwenye hatia hujaza ukimya kwa maneno. Huyu aliujaza kwa kugeuza kompyuta yake ili askari aione.

"Hii ni kumbukumbu ya kila amri iliyowahi kupita kwenye kanzidata yao. Siwezi kuihariri, inahifadhiwa kwa mwenye seva, si hapa kwangu. Angalia jina langu. Mara ya mwisho kuingia ni siku tisa zilizopita. Sasa tafuta amri yoyote ya kufuta takwimu. Tafuta mwenyewe."

Tekla akainama, mikono mezani. Akamwomba ashushe ukurasa polepole. Walishuka mwezi mzima. Hakukuwa na mtu aliyefuta hata mstari mmoja.

"Ndiyo maana nilikuwa natoka jasho," Anyelwisye alisema. "Nilidhani ni mimi nimekosea mahali. Tatizo ni kwamba unamtafuta mtu aliyefuta takwimu. Hakuna aliyefuta takwimu. Huyu amefuta mchoro."

"Nieleze kama unavyomweleza mama yako."

Akachukua karatasi tupu na kalamu. Alichora kisanduku, akaandika ndani: boila. Kando yake visanduku vidogo sita, kila kimoja na mstari wa kukiunga na kile kikubwa.

"Zamani kiwanda kikitaka kupima kitu kipya walinipigia simu. Naenda, natengeneza majedwali kwa mkono, wiki mbili zinakwisha. Sasa wanachora wenyewe. Hii ni mashine, hivi ni vipimo vyake. Ukimaliza unabonyeza pameandikwa Zalisha. Programu inausoma mchoro na kujenga majedwali yanayofanana nao. Sisi tunaita skima, ni kama ramani ya nyumba: vyumba vingapi, milango wapi. Mchoro ukisema vipimo sita, jedwali la boila linakuwa na safu sita. Hakuna fundi katikati."

"Na mchoro ukisema vitano?"

"Linakuwa na safu tano."

"Na vilivyokuwa ndani ya ile ya sita?"

Anyelwisye akapuliza kiganja chake.

Tekla akasimama wima. "Kwa hiyo mtu anafuta kisanduku kimoja cha kuchora, anabonyeza mara moja, na miezi mitatu ya presha inaondoka, na jina lake halimo kwenye kanzidata."

"Kwenye kanzidata halimo. Lakini kwenye mchoro limo. Kila toleo la mchoro linabaki na jina la aliyelichora." Vidole vyake tayari vilikuwa vinatembea. "Lyasa. Mchoro wa boila. Toleo la kumi na saba ni langu, la mafunzo. Toleo la kumi na nane…"

Akakoma. Tekla akasoma mwenyewe: *amhema*.

Aroni Mhema.

Barabarani chini fundi alikuwa akigonga bati. Tekla akalifunga daftari. Yote yalikaa mahali pake, na yalikaa vizuri mno: mchochea moto hakupima, au alipima akapuuza, mwenzake akafa, akafuta ushahidi. Jalada lake lilikuwa limepata mguu wa pili. Angeweza kushuka ngazi, akanywa chai, akarudi Mafinga kabla ya jioni na mkuu wa kituo angempongeza. Akachukua bahasha yake. Akafika mlangoni, mkono kwenye kitasa.

Mkono ukabaki pale.

"Mchochea moto anajua kuchora hii michoro?"

"Hapana," Anyelwisye alisema. "Wala haruhusiwi. Wachochea moto wanajaza fomu tu kwenye kishikwambi. Ukurasa wa michoro hauwafungukii."

"Basi ulimfungukiaje huyu? Na saa ngapi?"

Anyelwisye akabonyeza jina lile. Maelezo yakafunguka, mistari midogo ya kijivu. Tekla akarudi mezani kwa hatua mbili.

"Jumanne. Jana," Anyelwisye alisoma. "Saa kumi na tatu na dakika saba, kibali cha kuchora kimetolewa kwa *amhema*. Saa kumi na tatu na dakika kumi na mbili, *amhema* ameondoa kipimo cha nne. Saa kumi na tatu na kumi na nne, amezalisha."

"Kwa saa zetu ni saa saba na dakika kumi na mbili mchana."

"Ndiyo."

Tekla alifungua daftari ukurasa wa jana. Mwandiko ulikuwa wake. *Jumanne, saa 4:40 asubuhi, nimempokea Aroni Mhema mahabusu. Simu, mkanda na viatu vimehifadhiwa.* Akausoma mara mbili, kisha akaugeuza ili kijana naye auone.

"Saa saba na dakika kumi na mbili mchana jana, Aroni alikuwa kwenye selo yangu, peku. Nani alitoa kibali?"

"Akaunti ya msimamizi. Kiwanda kizima kina moja tu."

"Sosthenes Kihwele."

Anyelwisye akaitikia kwa kichwa.

"Nakala zenu za akiba? Lazima mnazo."

Hapo kijana alitazama sakafu. "Tunachukua nakala kila siku saa sita usiku. Mpya inafuta ya jana yake."

"Yaani usiku wa kuamkia leo nakala yenye presha imefutwa na nakala isiyo na presha. Nani mjinga aliamua mkae na nakala moja?"

"Mimi, mama."

Tekla alihesabu hatua tano, akarudi tano. Alikuwa na jina la mtu aliyeficha kitu. Hakuwa na kitu chenyewe. Kihwele angesema akaunti yake iliachwa wazi, mtu yeyote angeweza kupita, na wakili mzuri angekunywa chai juu ya maelezo yale. Ilimpasa aone presha ya Jumatatu.

"Kile kishikwambi cha chumba cha boila," Anyelwisye alisema ghafla. "Kilikwenda wapi?"

"Kiko stoo ya vielelezo. Kioo kimepasuka."

"Mtandao pale kiwandani unakatikakatika. Ukikatika, kishikwambi kinatunza kilichoandikwa, kinakuja kutuma mtandao ukirudi." Alikuwa ameshafungua ukurasa mwingine. "Jumatatu… sijapokea chochote kutoka chumba cha boila tangu saa moja asubuhi. Chochote, hata joto. Ina maana Jumatatu yote bado iko ndani ya kishikwambi."

"Basi nitarudi nikakisome."

"Ngoja, usiharakishe. Kikipata mtandao tu, kwanza kitatuma. Halafu kitapokea mchoro mpya, na kitajisafisha kifanane nao. Presha itaondoka na humo. Wakikiwasha wenyewe mahali penye mtandao, imekwisha."

"Na hiyo presha itakayotumwa itaingia wapi, kama safu yake haipo?"

Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi Anyelwisye alitabasamu. "Haitaingia. Itakataliwa. Na vinavyokataliwa tunaviweka pembeni kwa saa moja, fundi aangalie kosa ni nini, kisha vinatupwa. Naweza kuzuia visitupwe."

"Zuia."

Tekla akampigia Koplo Ezekia, aliyekuwa zamu Mafinga.

"Ezekia, kitoe kile kishikwambi stoo. Andika kwenye kitabu cha vielelezo saa unayokitoa. Tafuta mashahidi wawili, mmoja asiwe askari. Usikiwashe kabla sijakuambia."

"Sawa afande. Shahidi raia kuna mama ntilie hapa nje, anadai sahani zake."

"Anafaa. Sasa nenda selo na simu, niongee na Aroni."

Zilisikika hatua, komeo, kikohozi.

"Aroni. Ile namba ya siri ya kishikwambi ni ipi?"

"Nne sita, moja nane." Sauti ilikuwa imekauka.

"Nani mwingine anaijua?"

"Bwana Kihwele. Si ndiye alinipa? Alituambia tusibadilishe, ati tutasahau."

"Ndiyo hiyohiyo unayoingilia kwenye Jicho?"

"Ndiyo hiyo, mama. Ninayo hiyo moja tu."

Tekla na Anyelwisye walitazamana.

Kioo cha kishikwambi kilikuwa kimekufa chote isipokuwa sehemu ya chini, na kwa bahati namba za kubonyeza zilikaa huko. Ezekia aliibandika chaji ikakataa, akaazima nyingine dukani, ikakubali. Dakika ishirini zilipita. Tekla hakukaa. Alisoma vyeti vyote vya ukutani, akasoma kalenda, akasoma maelekezo ya kizima moto. Anyelwisye alizuia kile chombo cha kutupa vilivyokataliwa, akahakikisha, akahakikisha tena.

"Kimewaka, afande."

"Ingiza namba. Mashahidi wanaona? Sasa washa data kwenye simu yako, kiunge. Saa ngapi kwako?"

"Saa tano na dakika tatu."

Kwenye skrini ya Mbeya hakukuwa na kitu. Kisha mstari mmoja mwekundu ukatokea. *Imekataliwa: safu K4 haipo.* Chini yake wa pili. Wa tatu. Ikaanza kuja kwa mkupuo, mistari myekundu ikisukumana kushuka, na kila mmoja ulibeba namba ambayo kanzidata iliitema kwa kuwa haikuwa na chumba cha kuilaza.

Anyelwisye alisoma kwa sauti, kidole kikifuata. "Saa mbili asubuhi, presha tisa. Saa nne, tisa na nusu. Saa sita, kumi na nusu. Mwisho wa boila hili ni kumi, mama. Saa nane, kumi na moja. Saa tisa, kumi na mbili." Akashusha ukurasa. "Kuna sehemu ya maoni. Saa tatu asubuhi: *Vali ya usalama imekwama, nimemwambia Bwana Kihwele, kasema wageni wanakuja Ijumaa, tusizime hadi waondoke.* Saa saba: *Nimemwambia tena.* Saa tisa na dakika hamsini: *Naenda ofisini kuomba tuzime.*"

Boila lilipasuka saa kumi.

"Chapa," Tekla alisema. "Nakala tatu. Kila ukurasa utie sahihi na saa. Na utaandika maelezo yako hapa hapa, mimi nasubiri."

Hapo ndipo alipokaa.

Uyole, Igawa, Makambako. Alimharakisha dereva njia nzima kwa kunyamaza tu. Saa kumi jioni aliingia ofisi ya Sosthenes Kihwele bila kubisha, Ezekia nyuma yake. Ukutani televisheni kubwa ilionyesha dashibodi ya Jicho, duara za kijani zikiwa zimepangwa kama sahani. Boila halikuwepo tena kwenye orodha.

Kihwele alisimama, akampa kiti, akampa pole ya safari. Alikuwa mtu nadhifu, shati limepigwa pasi hadi mikono ikasimama. Safari hii Tekla alikubali kiti.

"Ulikuwa sahihi," alimwambia. "Kuna mtu ameondoa kipimo cha presha kwenye mchoro." Akatoa ukurasa, akauweka mezani, kiganja chake kikifunika upande wa kulia. Jina tu ndilo lililoonekana.

Kihwele aliinama. "Aroni," alisema, akatikisa kichwa. "Sikutaka kusema kabla sijawa na uhakika. Unajua watu hawa, wakiharibu wanaficha."

"Alitumia kompyuta gani? Wachochea moto hawana."

"Alikuja hapa. Asubuhi ile ya Jumanne, kabla hamjamchukua. Anatetemeka. Akaniomba aandike barua kwenye kompyuta yangu, nikamwonea huruma, nikatoka nje nikamwachia."

"Ulimwona kwa macho yako amekaa hapo?"

"Kwenye kiti hiki."

"Ezekia, umeandika?"

"Nimeandika, afande. Kwenye kiti hiki."

Tekla akaondoa kiganja. "Soma saa."

Kihwele akasoma. Akatazama tena, kana kwamba namba zingebadilika.

"Saa hiyo alikuwa kwangu tangu saa nne na dakika arobaini," Tekla alisema. "Na dakika tano kabla ya kipimo kuondolewa, akaunti yako ilimpa kibali cha kuchora. Uliingia kwa namba yake ya siri, kwa sababu wewe ndiye uliyempa."

"Labda saa ya kompyuta…"

"Hii nyingine ni presha ya Jumatatu. Chukua muda wako."

Hakuchukua muda. Alifika kwenye lile neno *wageni* akaiweka karatasi chini. Duara za kijani ziliendelea kung'aa nyuma ya kichwa chake.

"Ilikuwa siku nne tu," alisema. "Vali mpya ilikuwa imeshaagizwa. Tungezima, mbao za wageni zingebaki mbichi, na kiwanda kingeonekana chekundu kwenye Jicho siku wanayokuja. Nilijua itahimili. Yaani nilidhani."

"Alikuja kukuomba mzime?"

"Alikuja." Kihwele alijifuta uso. "Nilimwambia arudi kazini. Ndiyo kwanza alikuwa anarudi, likapasuka."

Tekla akasimama, akamsomea haki zake kwa sauti ileile aliyoitumia Jumanne kwa Aroni, na Ezekia akatoa pingu.

Aroni alipofunguliwa selo hakutoka mara moja. Alivaa viatu, akahangaika na kamba, akaviacha bila kufunga.

"Didas wamemzika?"

"Kesho saa nne. Kwao, Ilula."

"Nataka kwenda."

"Watakuua, Aroni. Kule wote wanajua ni wewe. Habari imetoka kwangu."

"Basi twende wote, mama," alisema, "ukawaambie."

Hakukuwa na kifungu chochote kinachomlazimisha inspekta kufanya hivyo. Alhamisi saa mbili asubuhi, saa moja kabla ya ile kesi ambayo isingesomwa tena, walikuwa wameshaupita mji wa Iringa.

Barabarani Ilula matenga ya nyanya yalikuwa yamepangwa kama kawaida, lakini meza moja haikuwa na mtu. Hiyo ilikuwa ya Anjela, mke wa Didas. Nyumba yake ilikuwa kupanda mlima kidogo, uwanja umejaa watu, katekista ameshavaa. Aroni alipoteremka garini mazungumzo yalikatika. Wanaume watatu wakaziba njia.

"Huyu anafuata nini hapa?"

"Kamweneni," Tekla aliwasalimu. Hakuna aliyeitikia. Akaendelea kwa sauti ya kufika hadi jikoni walikokaa akina mama. "Naitwa Inspekta Nyaulingo. Mimi ndiye niliyemweka ndani Aroni Mhema, na mimi ndiye niliyekosea. Hakukimbia. Yeye na Didas waliandika siku nzima kwamba boila litapasuka, na aliyeambiwa yuko mahabusu tangu jana. Maandishi yao ninayo hapa. Anayetaka kusoma, asome."

Hakuna aliyenyoosha mkono. Anjela alitoka ndani, kitenge kimefungwa kiunoni, macho yamevimba. Watu wakamwachia njia. Akasimama mbele ya Aroni, hakumtazama Tekla kabisa.

"Ulikuwa wapi?"

"Ofisini, dada. Nilikwenda kuomba tuzime. Yeye alibaki anauchomoa moto kwa reki, presha ipungue."

"Alibaki peke yake."

"Aliniambia niende mimi. Nilimwambia aende yeye, akakataa. Akasema wewe una miguu mirefu, utafika upesi."

Anjela aliziba mdomo kwa kitenge. Mabega yakamtikisika, lakini haikusikika sauti. Alikaa hivyo mpaka katekista akasogea, na yeye akamzuia kwa mkono.

"Kweli ndivyo Didas anavyosema," alisema mwishowe. "Ni maneno yake hayo." Akawageukia wale wanaume watatu. "Mpisheni abebe. Akae mbele."

Walimpisha. Tekla alibaki uwanjani, bahasha kwapani, akiwatazama wakiingia ndani na kutoka na jeneza. Kilima kilikuwa kikali na njia nyembamba. Aroni alikuwa mrefu kuliko wenzake wote, ikabidi akunje magoti njia nzima hadi makaburini, ili Didas asilale upande.